Msalaba wa mukuba: wanafunzi wetu katika makumbusho ya Lubumbashi

Ukimwuliza mwanafunzi wa Lubumbashi: mji wetu ulianza mwaka gani? atakujibu mbio: 1910. Ukimwuliza tena: na mukuba, ulianza kutolewa mwaka gani hapa kwetu? atajibu mbio vilevile: 1906, wakati Union Minière ilianzishwa, ao 1911, wakati tanuru la Lubumbashi lilitoa mukuba wake wa kwanza. Sisi wenyewe tulifundisha majibu hayo miaka mingi, na wale waliojibu hivyo tuliwapa pointi zote.

Jibu la kwanza ni sawa. Jibu la pili ni kweli kwa upande wa kampuni, lakini kwa upande wa inchi si kweli. Mukuba wa Katanga ulichimbwa na kuyeyushwa karne nyingi mbele ya mzungu wa kwanza kufika. Jambo hilo tulilisoma katika masomo yetu ya ualimu, hatuwezi kusema hatukulijua. Lakini mbele ya kelasi tulikuwa tunalipita haraka, dakika tano tu, kama mtu anayefungua mlango, kisha tunaanza somo "la kweli" na Leopold II. Siku tulipopeleka wanafunzi wetu wa kelasi ya tano katika makumbusho ya Lubumbashi, ndipo tulipoona kosa letu. Katika kurasa hizi tunataka kueleza mambo tuliyoyaona pale, na swali moja ambalo kijana mmoja alituuliza, swali ambalo lingali linatusumbua mpaka leo.

1. Nyumba yenyewe

Watu wengi wanapita mbele ya makumbusho yetu kila siku wala hawaingii. Wanasema: "Musée ni mambo ya wageni." Basi kwanza tuseme machache juu ya nyumba hiyo.

Makumbusho ilizaliwa katika miaka ya 1940, wakati mji uliitwa bado Elisabethville, kwa juhudi ya Francis Cabu, mtafiti wa mambo ya kale. Ilipewa jina la Leopold II. Jengo lake lilichorwa na Claude Strebelle katika miaka ya 1950. Mwaka 1970, wakati Institut des Musées Nationaux ilianzishwa Kinshasa, nyumba yetu nayo iliingizwa ndani ya shirika hilo la taifa. Mwaka uliofuata, 1971, jimbo letu lenyewe lilibadilishwa jina: Katanga ikawa Shaba, mpaka 1997. Ni mara chache duniani inchi kuitwa kwa jina la madini yake, na jina lenyewe kuwa neno la Kiswahili.

Tangu 2015 Katanga imegawanywa katika majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Lakini vitu vya makumbusho havikugawanywa. Ndani ya nyumba moja unakuta vitu vya watu wa Lualaba na vya watu wa ziwa Tanganyika, vya Baluba na vya Balunda, vya Basanga na vya Bayeke. Kuna vitu vilivyotolewa chini ya udongo na wachimbuzi wa mambo ya kale, na kuna vitu vya desturi na vya maisha ya kila siku: viti, vinyago, nyungu, vikapu, mikuki, ngoma. Wanafunzi wetu, watoto wa Kenya, wa Katuba na wa Kamalondo, walikuwa wanaangalia na kuchekacheka. Wengi hawajalala hata usiku mmoja katika kijiji cha bankambo wao.

Kisha msichana mmoja akasimama mbele ya kipande cha mukuba chenye mikono mine, kama herufi X, akauliza: "Prof, hii ni musalaba ya bamisionere?"

2. Kaburi za Sanga

Hapana, si msalaba wa bamisionere. Tena ni wa zamani kuliko misionere wa kwanza katika inchi yetu.

Kule kaskazini, katika bonde la Upemba, mto Lualaba unapita kati ya maziwa mengi. Kando ya ziwa Kisale kuna mahali panapoitwa Sanga. (Tusichanganye Sanga hiyo na Basanga, watu wa upande wetu wa kusini, jina linafanana tu.) Mwaka 1957 na 1958 Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walichimba pale, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendelea na kazi katika bonde lile. Katika Sanga peke yake walifungua kaburi zaidi ya 100. Wafu walizikwa pamoja na nyungu nzuri sana, na vitu vya chuma, na mapambo ya mukuba.

Wataalamu walipanga kaburi hizo kwa kufuata wakati wake. Katika kaburi moja ya Kamilamba, ya karne ya 8, mfu aliwekewa shoka ya heshima na fuawe ya chuma karibu na kichwa chake. Fuawe ni kile kitu ambacho mhunzi anapigia chuma juu yake. Kwa Baluba mambo ya uhunzi na ya ufalme yalikwenda pamoja mpaka nyakati za karibu. Tazameni: zaidi ya miaka 1000 mbele ya Union Minière, mtu mkubwa wa Katanga alizikwa na chombo cha fundi.

Misalaba ya mukuba inaonekana katika kaburi za nyuma kidogo, hasa tangu karne ya 14. Mwanzoni ni mikubwa, tena michache, na mara nyingi iliwekwa juu ya kifua cha mfu. Karne zilipopita, misalaba ikawa midogo, mingi, na inayolingana kwa kipimo. Iliwekwa karibu na mikono ao kiuno. Wataalamu wanaeleza hivi: msalaba mkubwa ulikuwa kitu cha heshima, ule mdogo ukawa makuta, feza ya kuuzia na kununulia. Tena tukumbuke kwamba katika bonde la Upemba hakuna mgodi wa mukuba. Mukuba ule ulitoka kusini, upande huu wetu, safari ya siku nyingi kwa miguu. Kumbe kulikuwa wachimbaji, kulikuwa wayeyushaji, kulikuwa wachuuzi, na kulikuwa watu waliokubali kipimo kimoja. Hiyo yote tunaiita uchumi wakati tunafundisha mambo ya Ulaya. Kwetu tulikuwa tunaiita "utangulizi".

Ndiyo maana wakati wa Katanga ya Moïse Tshombe, kati ya 1960 na 1963, misalaba mitatu iliwekwa juu ya bendera, na msalaba mmoja juu ya franga za chuma za 1961. Hatutaki hapa kuamsha siasa ya siku zile. Tunasema tu kwamba hata watu wa siasa walijua alama hiyo inasema na moyo wa watu.

3. Mzee anaeleza

Ile siku tulikuwa tumemwomba babu wa mwanafunzi mmoja atusindikize. Ni mzee aliyefanya kazi kwenye tanuru la mukuba miaka mingi, kisha akapumzika. Kwao ni upande wa Bunkeya. Mpaka pale alikuwa amenyamaza, anatembea polepole nyuma ya watoto. Aliposikia swali la msichana akasogea, akasema:

"Bana bangu, hii haiko musalaba ya kanisa. Hii njo ilikuwa makuta ya bankambo."

Tangu hapo hatukufundisha tena, alifundisha yeye. Nkambo wake alikuwa amemweleza kazi ya wayeyushaji wa Kiyeke, wale wazungu waliwaita "wala mukuba". Maneno yake yalipatana sana na yale tuliyoyasoma katika maandiko ya Monsenyeri Jean-Félix de Hemptinne. Monsenyeri huyo, mwaka 1924, aliomba wazee wa Kiyeke wafanye tena kazi ile mbele ya macho yake, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuachwa, na mwaka 1926 aliandika aliyoyaona.

Kazi ilikuwa hivi. Ilianza wakati wa kiangazi, kisha mavuno ya mtama. Kwanza shamba, halafu mukuba: hakuna aliyeacha chakula nyuma kwa kwenda kwenye mgodi. Watu walihamia karibu na mahali pa kuchimba, wakajenga kambi. Wanaume waliingia katika mashimo. Wanawake na watoto waliokota mawe ya rangi ya majani, yale tunayoita malakiti, wakayachagua na kuyasafisha katika mto. Wengine walikata miti na kuchoma makala. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, sababu udongo huo unavumilia moto. Mivuo ya ngozi ya nyama ya pori ilipuliza upepo kupitia mifereji ya udongo. Fundi mkubwa alishika miiko, akaomba bankambo, kwa sababu tanuru likikataa, kazi ya kambi nzima imepotea. Mukuba uliotoka mara ya kwanza ulikuwa bado mchafu. Waliuyeyusha mara ya pili, ndipo wakaumwaga katika kalibu. Mvua ilipokaribia walirudi katika mashamba.

Mzee alieleza yote hayo kwa mikono yake. Alipofika kwenye mivuo, alisema: "Kule kwa kazi nilikuwa naangalia moto, nikaona rangi, nikajua: sasa iko tayari. Na nkambo alikuwa anaangaliaka rangi ile ile. Ni kazi moja."

Bayeke, tukumbuke, walifika hapa katika karne ya 19 kutoka Usumbwa, upande wa magharibi wa Tanzania ya leo. Msiri, aliyejenga Bunkeya, alikuta Basanga na wengine wanayeyusha mukuba tangu zamani. Bayeke waliongeza ufundi wa kuvuta mukuba mpaka unakuwa waya mwembamba, na waya huo ulitengenezwa bangili zinazoitwa nsambo. Tusipambe historia: biashara ya Bunkeya ilikuwa pia ya pembe za tembo, ya watumwa na ya bunduki, na mfalme alijua kuchukua sehemu yake. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na kapiteni Omer Bodson, wa safari ya Stairs iliyotumwa kwa faida ya Leopold II.

Mwaka 1892 Jules Cornet, mtaalamu wa mawe, alitembea katika inchi yetu na kuandika habari za mukuba wake. Vitabu vingi vinasema "aligundua". Lakini mahali pengi wazungu walipoonyesha mukuba, walionyesha mashimo ya kale. Mgodi ambao Union Minière iliuita Étoile du Congo, karibu na mji wetu, wenyeji waliujua kwa jina la Kalukuluku, na walikuwa wamekwisha kuuchimba. Mtu anayeonyeshwa njia na shimo la mwingine hakugundua, alionyeshwa.

4. Swali la kijana

Tulidhani somo limekwisha. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye katika kelasi hasemi sana, akainua mkono. Tulijua kwamba kaka yake aliacha masomo, akaenda upande wa Kolwezi kuwa ba-creuseur. Akauliza:

"Prof, kama bankambo balijua kuyeyusha, juu ya nini sisi leo tunauzishaka majiwe ndani ya mifuko?"

Hatukuwa na jibu tayari. Tungeweza kusema juu ya sheria, juu ya kampuni, juu ya bei ya dunia. Tungeweza kumweleza kwamba mwaka 2013 serikali ilikataza kupeleka nje mukuba ambao haujayeyushwa, kisha siku ya kuanza ikasogezwa na kusogezwa tena. Yote hayo ni kweli, lakini kijana hakuuliza sheria. Aliuliza: sisi ni watu gani?

Tukamwangalia mzee. Alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Nkambo hakuuzishaka jiwe hata moja. Jiwe ni udongo ya batoto bako. Yeye aliuzisha kazi yake."

Tumefikiri sana juu ya neno hilo. Ukichunguza historia, ni sawa kabisa. Kilichotembea kutoka migodi ya kusini kwenda ziwa Kisale na mbali zaidi hakikuwa jiwe la majani. Kilikuwa msalaba, waya, bangili, jembe la mukuba: kitu kilichokwisha kupita katika moto na katika akili ya fundi. Bei ya ufundi ilibaki katika inchi. Leo inchi yetu ni moja kati ya zile za kwanza duniani kwa kutoa mukuba, lakini kijana anayechimba kwa mikono anauzisha mfuko wa mawe, na hajui mawe yake yatakuwa nini wala wapi. Bankambo walichimba miezi ya kiangazi, kisha wakarudi shambani. Kaka wa mwanafunzi wetu anachimba hata wakati wa mvua, wakati udongo unaanguka.

Hatusemi turudie tanuru la kichuguu. Hakuna mtu mwenye akili anayefikiri hivyo. Wala hatumlaumu yule kijana wa Kolwezi. Njaa haina darasa. Tunasema hivi: mtoto anayeamini kwamba mukuba ulianza na mzungu, ataamini pia kwamba ufundi wa mukuba ni wa mzungu, na kwamba sehemu yake yeye ni jembe na mfuko tu. Sisi walimu, kwa zile dakika tano zetu, tulisaidia imani hiyo.

5. Kitu na kinywa

Jambo la mwisho tulilojifunza ni juu ya makumbusho yenyewe. Bila mzee yule, watoto wangepita mbele ya msalaba, wangesoma jina, wangeenda. Kitu kinahitaji kinywa.

Baluba walijua hilo vizuri. Walikuwa na ubao unaoitwa lukasa, wenye shanga na alama zilizochongwa. Watu wa chama cha Mbudye waliushika mkononi, wakapitisha kidole juu ya shanga, wakasimulia habari za wafalme, safari zao na mahali pao patakatifu. Leo mbao za namna hiyo ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Shanga zote ziko, lakini kidole kinachojua njia kati ya shanga hakikupelekwa pamoja nazo.

Tarehe 8 Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika katika makumbusho ya taifa Kinshasa na kinyago kikubwa cha Basuku kinachoitwa Kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho. Wengine walifurahi, wengine walikasirika juu ya neno "mkopo". Sisi tunaona swali la pili liko nyuma ya lile la kwanza: vitu vikirudi, vitakuta nani wa kuvisemea?

Hapa Lubumbashi tunao mfano mzuri. Mradi wa "Mémoires de Lubumbashi", ulioanza mwaka 2000 pamoja na walimu wa Unilu kama Donatien Dibwe dia Mwembu, ulikwenda kwa watu wa mji wenyewe kutafuta vitu vyao na maneno yao juu ya maisha ya kazi, ya nyumba, ya mavazi, ya muziki. Njia hiyo kila shule inaweza kuifuata, hata bila feza.

Tunasema hivyo tukiwa na majuto. Ile siku mzee alitutajia majina ya miti iliyofaa kwa makala ya tanuru, kwa luga ya kwao. Alieleza ule unaotoa moto mkali, na ule unaotoa moshi tu. Watoto walikuwa wanacheka, basi ilikuwa inangoja nje, nasi tulijisemea: tutamwona tena, tutaandika. Mwaka uliofuata, mbele ya kiangazi, tulikwenda kwa matanga yake. Majina ya miti yalikwenda naye. Mjukuu wake anakumbuka moja tu, na hana hakika.

Kwa kumaliza

Tangu wakati huo tumebadilisha somo letu. Historia ya mukuba haianzi tena 1906. Inaanza na kaburi za Sanga, na inachukua saa mbili nzima. Kila mwanafunzi anaombwa kuleta jina moja la kitu ao la kazi, kwa luga ya bankambo wake, pamoja na maelezo ya mtu mkubwa aliyemwambia. Majina hayo tunayaandika katika daftari moja la kelasi. Mpaka sasa daftari si kubwa, lakini mna ndani maneno ambayo hatukuyakuta katika kitabu chochote.

Kwa wenzetu walimu tunatoa ombi dogo. Pelekeni watoto katika makumbusho, lakini musiende peke yenu. Pitieni kwanza kwa mzee mmoja wa mtaa, mfundi wa zamani, mama aliyefinyanga nyungu, mtu aliyelima na jembe la kale. Mpeni kiti, mpeni wakati. Na mmoja wenu akae karibu naye na kalamu, aandike ile ile siku, asingoje kesho.